Mtungi Niliouingiza Ndani

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu, hiyo sitaisahau. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, funguo za stoo kiunoni, na kichwani ujuaji mwingi wa bure. Keti nikuambie. Na hiyo simu iweke chini kwanza. Umenionyesha vijana wa ng'ambo wakikuza stroberi ndani ya chumba, ukaniambia nawe umekodi chumba pale Bungoma, umetundika taa, umeziba madirisha kwa plastiki, na sasa unatafuta mtungi wa gesi ya kaboni ili mimea ipate kushiba. Ukaniambia, "Shangazi, usiogope, ni gesi tu." Hilo neno "tu" limeninyima raha tangu asubuhi. Baba yako anajua nusu ya habari hii. Wewe nitakupa yote, maana wewe ndiye unayetaka kununua.

Niliajiriwa kwenye shamba la maua na miche, njia ya kutoka Kitale kwenda mji uitwao Kwanza. Tajiri wetu alikuwa amechukua jengo la zamani la kuwekea maziwa, lililoachwa na walowezi, lenye kuta nene za mawe, na ukiingia unashuka ngazi tatu ndipo ufike sakafuni. Humo tulilea miche chini ya taa, mlango umefungwa. Nje, kando ya ukuta, ulisimama mtungi mrefu wa chuma, umefungwa kwa mnyororo, na mpira mwembamba ukipitisha gesi ndani kidogo kidogo. Bwana shamba alitueleza siku ya kwanza kwamba mmea unakula hewa ile ile tunayoitoa puani sisi, na ukiuongezea unakua upesi. Lakini binadamu akiivuta nyingi, inamlaza asiamke. "Ni nzito," akasema, "inashuka chini na kutulia kama maji kwenye beseni. Haina rangi, haina harufu. Ndiyo sababu mtungi unakaa nje." Tukaitikia ndiyo, ndiyo, kisha tukaenda kunywa chai.

Kazi yangu ilikuwa kutunza stoo na kupeleka mtungi Kitale kila ulipokwisha. Aliyetujazia alikuwa Mzee Njoroge, mzee mfupi wa maneno machache, ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, imejaa mitungi ya wachomeleaji na ya wauza soda. Hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alisoma kwanza tarehe iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi, kuona ulipimwa nguvu lini, kisha akaupima kwa mizani kabla ya kujaza na baada ya kujaza. Vijana tulimcheka. Tulisema Mzee anapima gesi kama anayeuza nyama ya Krismasi.

Mwenzangu wa karibu pale shambani aliitwa Wekesa, mtu wa Sirisia, ndiye aliyemwagilia miche. Wekesa alikuwa mtu wa utani. Akiniona na funguo zangu aliniita Waziri wa Stoo, akanipigia saluti. Alikuwa na mke, Nanjala, na watoto wawili, msichana wa miaka mitano jina lake Nafula na mvulana aliyekuwa ndio kwanza anatambaa. Kila Jumamosi jioni alikwenda kwao Sirisia, na Jumapili asubuhi akarudi na chakula alichofungiwa na mkewe, maana miche haijui Sabato.

Sasa sikia ujinga wangu. Wiki hiyo wezi walikuwa wamekata mnyororo kwenye shamba jirani wakachukua mtungi wa kuchomelea. Bwana shamba alikuwa likizo. Mimi, Waziri wa Stoo, nikaona heri niuingize wetu ndani ya chumba cha miche, nifunge mlango kwa kufuli mbili, tuone mwizi atapitia wapi. Nilijiona mwerevu kuliko yeye aliyesomea kazi. Kumbe niliogopa mwizi wa nje, nikamkaribisha mwingine ndani, na mwizi huyo haibi vyuma.

Jumamosi hiyo niliwahi Kitale mapema. Nilikuwa na haraka ya arusi ambayo haijakuwa arusi, kwa sababu saa nane mchana watu wa kijana mmoja walikuwa wanakuja nyumbani Kimilili kuniona rasmi. Mzee Njoroge akajaza, akapima, kisha akanipa washa mpya, kile kipete cheupe cha plastiki kinachokaa katikati ya mtungi na regulata, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi inapotoka.

"Hii ya zamani tupa," akasema. "Kila ukijaza, washa mpya. Umesikia, msichana?"

"Nimesikia, Mzee."

"Umesikia na masikio ama na mdomo?"

Nikacheka nikaondoka. Kufika shambani, natia mkono mfukoni, washa haipo. Pengine ilidondoka nilipokuwa natoa nauli, sijui mpaka leo. Ile ya zamani nilikwisha kuitupa kama nilivyoambiwa. Kurudi Kitale kulikuwa na maana ya kukosa wageni wangu. Haraka haraka haina baraka, na sisi sote twaijua methali hii, ila twaikumbuka baadaye. Nikachukua blada, ule mpira wa tyubu ya baiskeli tunaofungia mizigo, nikakata kipete kwa wembe, nikakipachika, nikakaza nati kwa spana mpaka mikono ikaniuma, nikafungulia gesi humo humo ndani. Nani huku kwetu hajaziba kitu kwa blada? Tumefungia nayo mabomba, redio, mpaka milango ya kuku.

Kisha nikafanya kile ambacho mama yeyote wa jikoni hufanya akibadilisha mtungi wa kupikia. Niliinama, nikanusa. Sikusikia harufu yoyote, nikasema haivuji. Mwanangu, gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili ikikutoroka ujue. Hii ya kaboni hakuna aliyeitia kitu. Pua yangu ilitafuta shahidi ambaye hakuzaliwa. Na kipande cha sabuni kilikuwa pale kwenye mfereji, hatua mbili kutoka mlangoni. Ningepaka povu kwenye ile nati, viputo vingenionyesha. Sikupaka. Nilifunga mlango, nikamwachia bawabu funguo ampe Wekesa kesho yake, nikakimbilia wageni wangu.

Jumapili, wakati mimi nafua vitambaa vya meza nyumbani huku nikiimba, Wekesa alifika kutoka Sirisia. Bawabu alisimulia kwamba aliketi kwenye benchi, akafungua kifurushi, akala kuku na ugali wa wimbi peke yake, akasifu mkono wa mkewe. Kisha akafungua chumba cha miche, akashuka zile ngazi tatu, akarudisha mlango nyuma yake kama sheria ilivyotaka. Saa saba bawabu akashangaa maji yanatoka chini ya mlango. Alipofungua alimwona Wekesa amelala kifudifudi sakafuni, mpira wa maji bado unatiririka mkononi. Bawabu akashuka amwinue, magoti yakamlegea, kichwa kikamzunguka, akatambaa akarudi nje na kupiga kelele. Mungu alimnusuru yule mzee. Wangekuwa wawili.

Nilifika Jumatatu asubuhi, nikakuta watu wamesimama vikundi vikundi. Nikaingia kule ndani, mlango ukiwa wazi tangu jana. Mtungi ulikuwa mtupu. Nikagusa ile nati. Blada ilikuwa imevimba kwa gesi, imetokeza na kupasuka upande mmoja. Nilijua papo hapo. Sikuhitaji daktari wala mganga aniambie. Na nilichofanya, mwanangu, ni kuukokota ule mtungi mpaka nje nikaufunga kwa mnyororo mahali pake pa zamani, kabla tajiri hajafika. Kosa la Jumamosi lilikuwa la ujinga na haraka. Hili la Jumatatu nilifanya macho yakiwa wazi.

Hospitalini waliandika kwamba moyo ulisimama. Moyo wa kila maiti umesimama! Lakini nani angeuliza zaidi? Kizunguzungu cha bawabu walisema ni hofu ya maiti tu. Wekesa hakuwa na jeraha wala hakuugua. Sasa mtu mzima mwenye nguvu, amekula chakula akiwa mzima, saa mbili baadaye amekufa. Kwetu mambo hayo yana jibu moja, nawe unalijua. Amelishwa sumu.

Kwenye matanga pale Sirisia nilikuwa nimeketi na wafanyakazi wenzangu, sahani ya maharagwe magotini. Mama yake Wekesa akasimama mbele ya watu wote, akamwelekezea mkwewe kidole. "Kuku ulipika wewe! Ulifunga wewe! Ati moyo? Mtoto wangu alikuwa na moyo wa ng'ombe!" Nanjala alilia akaapa kwa jina la Mungu, akasema yeye na watoto walikula sufuria ile ile. Hakuna aliyemsikiliza. Siku ya tatu baada ya mazishi, mashemeji wakamrudisha kwa wazazi wake na sanduku lake moja. Watoto wakabaki, hata yule wa kunyonya. Walisema watoto ni wa ukoo, hawawezi kulelewa na mkono uliomuua baba yao.

Nami nilinyamaza. Niliwaza kazi, nikawaza polisi, nikawaza wale watu wa kijana waliokuwa wamekunywa chai yetu na kutabasamu. Usiku nilijiambia ajali haina kinga. Uongo mtupu. Ajali hii ilikuwa na kinga, kipete cha plastiki cha bure na povu la sabuni. Nilinyamaza wiki tatu, nikala, nikalala, nikaenda kanisani na kushika kitabu cha nyimbo.

Wiki ya nne tajiri akanituma Kitale kujaza mtungi, na regulata nikaibeba kwa sababu ilikuwa haikai vizuri. Mzee Njoroge akaigeuza mkononi. Akachokoa kwa bisibisi, kikatoka kipande cha mpira mweusi. Akakiweka mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hii nani alikata?"

Nikageuka nikaanza kuhesabu mitungi ya wachomeleaji.

"Mimi nilisikia kwa redio ya watu, ati kuna kijana wa kumwagilia alianguka huko kwenu. Ati bibi yake alimwekea dawa kwa chakula." Akanitazama. "Mtungi ulikuwa wapi?"

"Ndani, Mzee."

Akaisukuma ile regulata upande wangu wa meza. Kisha akasema polepole, "Mimi nimeuza hii gesi miaka mingi. Haijawahi kuua mtu peke yake, lazima ipate mwenye kuifungulia mlango. Sasa sikia. Huyo kijana umemuua na haraka. Hiyo ni bahati mbaya, hata mimi naweza kufanya makosa. Lakini huyo mama unamuua na mdomo wako, kila siku, na leo umeamka ukachana nywele ukaendelea kumuua. Mimi sikujazii hata kidogo. Panda gari."

Nililia. Nikamwambia watanifunga, Mzee. Akasema, "Wakufunge. Jela iko na mlango. Hapo uko sasa hakuna." Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeanza kunuka kabla ya kufa.

Tukaenda Sirisia kwa pikapu yake, mtungi mdogo umesimamishwa nyuma umefungwa kamba, madirisha wazi. Alikuwa ametuma habari mbele, kwa hiyo tulimkuta baba yake Wekesa na wazee wa ukoo wameketi uani, na mama yake mlangoni na yule mtoto mdogo mgongoni. Nikapiga magoti nikasema yote, mtungi, blada, kunusa, mnyororo wa Jumatatu. Hawakuelewa. Gesi gani hiyo haina harufu, haina moshi, inaua mtu na kumwacha kama aliyelala? Wakasema Nanjala amenihonga.

Mzee Njoroge hakubishana nao. Aliomba ndoo na mshumaa. Akauwasha mshumaa, akausimamisha ndani ya ndoo, chini kabisa, moto ukawaka vizuri. Kisha akafungulia gesi kidogo tu ikaingia ndooni. Hatukuona kitu. Mshumaa ukazimika. Akauwasha mwingine uani, akachota kwa sufuria kutoka kwenye ile ndoo, akaimwaga ile sufuria tupu juu ya moto. Ukazimika nao. Mama mmoja akapiga ukelele, "Uchawi wa Kitale!" Hakuna aliyecheka. Baba yake Wekesa akainuka, akachukua kiberiti, akafanya mwenyewe mara tatu, akishusha njiti ndani ya ndoo na kuitazama ikifa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hicho chumba, mtu anashuka?"

Nikajibu, "Ngazi tatu, Baba."

Akaketi chini, si kwenye kiti, akafunika uso kwa kofia yake. Mama yake Wekesa akanijia mpaka pumzi yake nikaisikia usoni. "Kwa hivyo ni wewe," akasema. "Ulikula maharagwe yangu." Sijawahi kupigwa kofi lililoniuma kama maneno hayo.

Nikaandikisha taarifa kwa polisi, ikaandikwa ajali. Kazi nikafukuzwa, na ilikuwa haki. Wale wageni wa Kimilili wakatuma neno kwamba hawarudi. Yote hayo niliyapokea, nikadhani nimemaliza kulipa.

Jumapili iliyofuata wazee wakamrudisha Nanjala kwa heshima, wakamwomba msamaha mbele ya majirani. Niliitwa niwepo, niseme tena mbele yake. Nikasema. Hakunitukana, aliinamisha kichwa tu, macho yakiwatafuta watoto wake. Yule mdogo alimrukia titi. Nanjala akaingia jikoni, akakoroga uji, akautia kwenye kikombe, akamletea Nafula aliyekuwa amesimama nyuma ya nyanyake.

Mtoto akakitazama kikombe. Akarudi nyuma hatua moja. "Sitaki," akasema. "Utaniua kama baba."

Nanjala akanywa kwanza, mafunda mawili, akamwonyesha kinywa kitupu. Mtoto akatikisa kichwa. Watu wazima wote pale uani tulijua ukweli, lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa amefundishwa jambo lingine wiki nne mfululizo, asubuhi na jioni, huku mimi nimenyamaza. Niliambiwa baadaye kwamba ilikuwa hivyo mwaka mzima, na zaidi. Mama anaonja, mtoto anasubiri, anamtazama mama yake kama ataanguka, ndipo anakula. Mwaka mzima, mwanangu. Kumuua Wekesa kulichukua siku moja, na hilo sikuweza kulirudisha. Lakini hili la mtoto lingezuilika ningefungua mdomo ile Jumatatu.

Basi nunua mtungi wako, sikukatazi. Ulimaji wa siku hizi una vyombo vyake, nami si mzee wa kuogopa kila kipya. Lakini usinunue mtungi wa barabarani ambao humjui mwenye mali wala hujui umri wake. Soma tarehe shingoni, na kama muda wake wa kupimwa umepita, au una kutu na kubonyea, uache hapo hapo. Usikubali kubadilishiwa juu juu kama mtungi wa kupikia, ukapewa kopo la babu wa mtu. Jazia kwa mwenye mizani, tena anayekataa kuzidisha hata ukimbembeleza. Geji, ile saa ya kwenye regulata, usiiamini ikuambie gesi imebaki kiasi gani, maana itasimama pale pale mpaka karibu na mwisho. Pima uzito. Usiubebe ndani ya gari lililofungwa, usiulaze, usiuache juani. Ukifika, usimamishe nje ya chumba na uufunge kwa mnyororo, na ukiogopa wezi jenga kizimba cha vyuma chenye hewa, hapo hapo nje.

Washa mpya kila ukijaza. Ukiipoteza, hakuna gesi siku hiyo, hata kama bwana arusi yuko mlangoni. Paka povu la sabuni, tazama viputo, pua yako iachie mboga. Nunua kile kifaa kinacholia hewa ikichafuka, ukifunge chini karibu na sakafu, na kingine nje ya mlango ukisome kabla hujaingia. Mshumaa wa Mzee Njoroge ulikuwa wa kuonyesha watu wabishi, usiutegemee kukulinda, maana kabla haujazimika wewe utakuwa umekwisha kulegea. Funga gesi, fungua mlango, acha hewa ipite, ndipo uingie. Usiingie peke yako. Na ukimwona mwenzako ameanguka humo ndani, usimkimbilie, japo ni ndugu wa tumbo moja. Funga gesi kule nje, fungua kila kitu, ita watu.

Na siku ukikosea, maana utakosea, wewe ni mtu, sema siku hiyo hiyo. Sema ukitetemeka, sema ukilia, ila sema kabla jua halijatua, maana mtu mwingine atakuwa anabeba mzigo wako, na nyuma yake kuna mtoto anayemtazama.

Haya, inuka. Nipe mikono yote miwili. Mungu wa baba zetu aibariki kazi ya mikono hii, miche yako ishike mizizi, pumzi yako na ya wote watakaofanya kazi chini yako isikatizwe. Kila atakayeingia mlango wako akiwa mzima, atoke akiwa mzima. Na chakula chako, mwanangu, watoto wako wakile bila kukuangalia usoni.